Mnaibomoa Dar es Salaam kwa Mikono Yenu

Sikilizeni, wakazi wa Dar es Salaam. Sikilizeni wa Masaki na wa Manzese, wa Mbezi na wa Mbagala, wa Kigamboni na wa Gongo la Mboto. Neno hili halichagui mwenye nyumba wala mpangaji, aliyesoma wala asiyesoma, anayeswali msikitini wala anayesali kanisani. Jiji lenu linabomolewa, na wanaolibomoa hawakuvuka mpaka kuja kwenu. Mnakaa nao. Mnanunua vitumbua kwa mama zao. Mnawasalimia njiani, mnaijua kazi yao ya usiku, na mnanyamaza.

Sensa ya mwaka 2022 iliwahesabu katika mkoa huu watu 5,383,728. Je, mmewahi kuketi mkafikiri watu wote hao wanaishi kwa vitu vichache kiasi gani? Maji yenu karibu yote yanatoka mto mmoja, Ruvu, kupitia mitambo miwili mikubwa: Ruvu Juu ya Mlandizi, iliyojengwa 1959 na leo ina uwezo wa kuzalisha lita milioni 196 kwa siku, na Ruvu Chini upande wa Bagamoyo, ya mwaka 1976, yenye uwezo wa lita milioni 270. Gesi inayozalisha umeme Ubungo na Kinyerezi inakuja kwa mabomba kutoka Songo Songo na Mtwara. Umeme wa Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115 mitambo yote ikizunguka, unasafiri kwa nyaya zilizopita porini. Mizigo ya bandarini inategemea barabara chache na reli. Intaneti mnayotumia kutumiana fedha na picha za harusi inaingia kwa mikonga iliyolala baharini, na Mei 2024 mikonga miwili ilipokatika, ofisi na maduka ya nchi nzima yaliduwaa.

Huo ndio uhai wa jiji. Ni mchache, uko wazi, na umewekwa mikononi mwenu. Nanyi mmeufanya nini?

Mmeukata, mmeuyeyusha, mmeupima kwa kilo, mmeuuza.

Nianze na transfoma. Ndani yake mna mafuta yanayoipoza na kuizuia isijiunguze. Kijana wenu anapanda usiku, anafungua koki, anakinga dumu, anashuka. Kesho yake jioni, watu wanapowasha majiko, pasi na feni, transfoma inachemka mpaka inakufa. Mtaa mzima unaingia gizani. Fundi wa kuchomelea anafunga geti lake na kazi ya mteja haijaisha. Muuza samaki anatupa samaki. Dawa na chanjo za zahanati ziko hatarini kuharibika. Mjamzito anajifungua kwa mwanga wa simu. Na kijana yule kapata nini? Fedha ya siku mbili. Naye anakaa gizani na nyie, maana nyumba yao iko kwenye laini ileile. Wahenga walimwona zamani huyu: mchuma janga hula na wa kwao.

Tazameni reli. Juni 14, 2024, treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro, na mwezi uliofuata ikafika Dodoma. Taifa zima lilikopa kwa ajili ya reli hiyo, na wajukuu wenu watalipa. Lakini watu wameshakamatwa na nyaya zake. Hebu mwambieni mtoto wa darasa la nne kwamba nchi yake imepata treni ya umeme, na kwamba mtu mzima mwenye akili timamu ameikata waya ili ale nyama Jumamosi. Mtazameni usoni mkimwambia.

Shukeni sasa barabarani. Mifuniko ya chemba imeng'olewa, na watoto wanarudi shuleni kukiwa na giza la mvua, maji yamefunika barabara, shimo halionekani. Kingo za chuma zilizowekwa kwenye kona zimefunguliwa bolti moja moja. Alama za barabarani zimegeuzwa makaango. Nguzo za taa zimechimbuliwa chini mpaka nyaya zikavutwa. Kila kilicho cha umma mmekifanya cha kuokota. Mpangaji anayeng'oa bati la nyumba anayolala ili akauze, kisha usiku akamtukana mwenye nyumba kwa kuwa ananyeshewa, huyo ndiye aliyefanana nanyi.

Mtasema, "Hao ni wezi, sisi hatumo." Mmo. Hakuna mwizi anayekula shaba. Hakuna anayekunywa mafuta ya transfoma wala anayejifunika mfuniko wa chemba alale. Anaiba kwa kuwa yupo anayenunua, na anayenunua ana mizani, ana geti, ana leseni ukutani, na ana heshima mtaani. Ole wako, mnunuzi wa vyuma chakavu unayeletewa waya wenye masizi, umechomwa usiku ili ganda la plastiki liyeyuke, nawe huulizi umetoka wapi. Unajua umetoka wapi. Shaba ya nyumbani haiji na masizi saa kumi alfajiri. Alama ya barabarani haizeeki ikiwa bado ina rangi. Wewe ndiwe unayempa mwizi mshahara. Yeye atapigwa na watu wenye hasira, au atafungwa. Wewe utaendelea kununua viwanja. Mwizi mkuu wa jiji hili anakaa kwenye kiti nyuma ya mizani.

Jirani zetu wa Kenya walilipia somo hilo. Januari 11, 2022, minara ya umeme mkubwa wa Kiambere kwenda Embakasi ilianguka Nairobi, na nchi nzima ikazimika. Serikali ikasema minara ilihujumiwa. Siku chache baadaye Rais Uhuru Kenyatta akapiga marufuku biashara ya vyuma chakavu mpaka iwekewe utaratibu. Angalieni mkono wa dola ulikwenda wapi: ulikwenda kwenye mizani. Walielewa kwamba mnara unaanzia kuanguka pale mtu anapolipwa kwa kipande chake cha kwanza. Na marufuku ile iliwaumiza hata waokota vyuma waaminifu, watu maskini wasio na hatia, kwa sababu wafanyabiashara wachafu hawakukemewa na wenzao mapema. Je, mnataka na huku tufike huko?

Sasa niwaseme ninyi mnaojiona safi kwa kuwa hamjawahi kushika msumeno wa chuma. Ni nani aliyemwita kishoka nyumbani kwake? Ni nani aliyempa fedha mkononi ili mita ya LUKU isisome, au akamwongoza gizani kwenye bomba kubwa ajiunganishie maji kwa mpira wa plastiki? Mnamwita fundi. Mnamkaribisha chai. Kisha mnalalamika kwamba umeme ni hafifu na maji hayapandi kwenye tangi. Bomba lililotobolewa kienyeji halivuji nje tu. Maji yakikatwa, msukumo ukishuka, tundu lilelile linavuta ndani maji ya mtaro ambamo bomba limelala. Kesho yake maji yakirudi, jirani yako anachota uchafu kwenye ndoo safi. Umemwibia maji, kisha umemnywesha kinyesi. Oktoba 2022 Ruvu iliposhuka kwa ukame, jiji likaingia kwenye mgao, watu wakapanga madumu usiku kucha, nanyi mliokuwa mmejiunganishia mlimwagilia bustani.

Na juu ya mto huohuo, katika milima ya Uluguru unakochipukia, miti inakatwa na misitu inachomwa. Kando yake watu wanachepusha maji mashambani bila kibali na kuingiza mifugo mpaka kwenye kingo. Mnadhani mambo ya Morogoro na Pwani hayawahusu watu wa Sinza. Kila kikombe cha Sinza kimepita huko kwanza.

Nije kwenye mitaro, maana hapo hakuna aliye salama na karipio hili. Mfuko wa taka unarushwa kutoka dirishani mwa daladala, na abiria wote wanaangalia simu. Mwenye mgahawa anafagia, analundika, anasubiri mvua. Na mvua ikianza, wapo wanaosubiri ngurumo ya kwanza ili watapishe vyoo, kinyesi cha familia kielee kwenye uchochoro wa wenzao. Ole wenu mnaoita mvua ya Mungu gari lenu la majitaka. Agosti 2015 kipindupindu kiliibuka Kinondoni na kusambaa mikoani, na watu walikufa. Kipindupindu hakiletwi na mapepo. Kinapita kwenye mtaro mliouziba na bomba mlilolitoboa.

Mto Msimbazi unatoka vilima vya Pugu, unapita Vingunguti, Tabata na Kigogo, unatanuka Jangwani na kuingia baharini penye daraja la Selander. Unahitaji nafasi yake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 iliutengea mita 60 kutoka ukingoni, nanyi mmezijenga hizo mita. Mmechimba mchanga wake, na mchanga wa mito ya Tegeta, Mbezi na Mpiji, mpaka nguzo za madaraja zikabaki uchi, ili tofali liwe rahisi. Desemba 2011 mto ulikuja kudai chake na watu wapatao 40 wakafa. Waliookolewa wakapewa viwanja Mabwepande. Maji yalipokauka, mabonde yakajaa watu upya. Wengine waliuza viwanja vya Mabwepande na kurudi, wengine waliuziwa mabonde na matapeli. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza Mei 2016, karakana yake ikawekwa palepale Jangwani, na mara kwa mara mafuriko yameingia kwenye mabasi na kuikata Barabara ya Morogoro, njia ya wagonjwa wa Muhimbili na ya wafanyakazi wa Kariakoo. Leo mradi wa Bonde la Msimbazi unatumia mabilioni, mengi ya mkopo wa Benki ya Dunia, kujenga daraja refu zaidi na kuupa mto njia. Je, mtalijenga tena bonde? Mtalijaza tena mifuko? Hakuna daraja litakalowekwa juu kiasi cha kuzishinda taka zenu mkiamua kuzilundika.

Najua majibu yenu. Mnasema, "Ni njaa." Njaa ni kweli, na anayeidharau njaa ya Tandale hajawahi kulala nayo. Lakini hesabuni vizuri ni nani anayeumia. Umeme ukikatika, tajiri ana jenereta. Maji yakikatika, ana kisima, na asipokuwa nacho anaagiza boza. Barabara ikifurika, anafanya kazi akiwa nyumbani. Anayebaki na dumu kichwani, anayekaa na mtoto mwenye joto kali kwenye chumba kisicho na feni, anayepoteza kibarua kwa kuwa mabasi hayakupita, ni maskini. Mwizi wa shaba anamwibia maskini mwenzake na kumwachia tajiri usumbufu mdogo. Msiipe njaa ushahidi wa uongo.

Mnasema tena, "Wakubwa wanakula zaidi." Wanaokula, wana hukumu yao, nami nitawageukia. Lakini tangu lini dhambi ya waziri ikawa leseni ya kumwua mtoto wa jirani kwa shimo la chemba? Na mnasema, "Ni mali ya serikali." Serikali haina shamba inakovuna transfoma. Inayonunuliwa mpya imenunuliwa kwa tozo za simu yako, kwa kodi iliyomo ndani ya sukari yako na kwa uniti za umeme unazonunua. Umelipia mara mbili, na darasa ambalo fedha hiyo ingejenga halijajengwa.

Sasa ninyi wenye ofisi, msitabasamu. Karipio hili lina mlango wa kwenu. Kishoka anapata wapi lakiri na vifaa halali? Anavipata kwa mtu aliye ndani, anayekunywa chai kantini yenu. Bomba linapasuka barabarani, wananchi wanapiga simu wiki nzima, na maji yanatiririka kama hayana bei. Kisha mnatangaza mgao na kuwahubiria watu wabane matumizi. Mkandarasi anachimba bila kuuliza, anakata bomba na mkonga, anafukia na kuondoka. Nani aliyepima viwanja bondeni? Nani aliyegonga mhuri kwenye hati ya kiwanja kilichomo kwenye hifadhi ya barabara, iliyo mita 30 kila upande wa barabara kuu kwa Sheria ya Barabara ya 2007? Mnachora X nyekundu kwenye ukuta wa mjane, na ghorofa la mwenzenu linabaki jeupe. Mnamkamata mchana mvulana mwenye kilo tatu za waya na kumsomea shitaka la uhujumu uchumi, na kontena lililojaa shaba linapita. Sheria inayomwona mwenye kilo tatu na kupofuka mbele ya mwenye tani tatu imeshakuwa sehemu ya biashara hiyo.

Nanyi mnawaita wananchi walinzi wa miundombinu, lakini anayepiga simu kutoa taarifa anasikia jina lake mtaani kabla hajafika nyumbani. Mkitaka watu waseme, fichani majina yao. Mkitaka walinde bomba, waonyesheni lilikopita na waambieni lina nini ndani. Ni aibu mtu kuishi miaka juu ya bomba la gesi au la mafuta akidhani zile nguzo fupi za alama ni mipaka ya shamba.

Maana mafuta hayana subira. Kigamboni ndiko linakoanzia bomba la TAZAMA, kilomita 1,710 mpaka Ndola, Zambia, na mabomba mengine yanayopeleka shehena za meli kwenye matangi. Wanaotamani kuyatoboa wapo, na mnawajua. Kabla hamjawafichia siri, kumbukeni Sinai, mtaa wa Mukuru, Nairobi, Septemba 12, 2011: mafuta yalivuja kutoka bombani yakaingia mtaroni, watu wakateka, moto ukaja, watu wapatao 100 wakateketea pamoja na nyumba zilizojengwa kwenye njia ya bomba. Kumbukeni Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019, kwenye barabara inayotoka hapa kwenu: lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia na madumu, na zaidi ya 100 wakafa. Siwakaripii marehemu; Mungu awarehemu. Nawakaripia ninyi mliolia misibani, mkatazama makaburi yale yaliyopangwa kwa mistari, na hata leo lori likianguka mnaitana kwa simu mlete vyombo.

Basi geukeni. Toba ya jambo hili haihitaji machozi, inahitaji matendo yanayohesabika.

Wewe uliyejiunganishia maji au umeme, nenda ukajisalimishe na ulipe, kabla tundu lako halijamletea mtu msiba. Mwenyekiti wa mtaa, ita mkutano, jueni kila mfuniko wa chemba na kila transfoma ya mtaa wenu, gaweni zamu, na mkiona fundi juu ya nguzo usiku, muulizeni kitambulisho na mpige simu ofisini kwao. Baba, ukimwona mwanao analeta fedha isiyo na kazi, muulize kabla polisi hawajamuuliza. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Mashehe na mapadri, mmehubiri sana kuhusu mavazi ya wasichana. Hubirini Ijumaa na Jumapili kuhusu waya ulioibwa, na sadaka inayotoka kwenye mizani ya shaba irudisheni kwa mtoaji mbele ya watu. Wenye daladala, wekeni pipa ndani ya gari. Wenye nyumba, mvua za masika huanza Machi. Mtaro wa mbele ya geti lako ukifika Machi una taka, usimtaje mkurugenzi wa manispaa.

Jiji la watu zaidi ya milioni tano halilindwi na askari pekee. Hakuna nchi yenye polisi wa kutosha kusimama chini ya kila transfoma na juu ya kila bomba. Vyote hivyo vinalindwa na watu wanaoona haya kuvigusa na wasioona haya kumtaja anayevigusa. Haya hiyo ilikuwepo. Wazee wenu walikuwa hawathubutu kuchafua kisima cha kijiji hata wakiwa peke yao. Hamkuiacha mashambani kwa kuwa mji ni mkubwa. Mliiacha kwa kuwa mliona faida.

Na wewe mwenye mizani, neno la mwisho ni lako, kwa sababu kwako ndiko kila kamba iliyokatwa hufika. Usiku wa leo ataletwa kwako mtu mwenye gunia la shaba yenye masizi. Funga geti, piga simu, toa ushahidi. Usipofanya hivyo, jirani zako wanaosoma maneno haya wanakufahamu kwa jina, na ninawaamuru kwa haki ya watoto wanaokunywa maji ya Ruvu na kusomea taa za mitaa hii: mtajeni.